Mjane wa Namba Tisa

Kompyuta iliibwa saa ya chakula cha mchana, na mwizi aliacha chaja.

Inspekta Jenifer aliitazama ile chaja kwa muda kabla ya kuigusa. Kwa uzoefu wake, mwizi wa kompyuta hapa Bariadi huikimbilia chaja kwanza, maana bila chaja mnunuzi anakupa nusu ya bei na lawama juu. Huyu aliichomoa taratibu, akaukunja waya vizuri, akauweka pembeni ya meza. Kisha akaweka jiwe dogo juu ya karatasi za mwalimu ili upepo wa dirishani usizipeperushe.

"Hili jiwe ni lako?" Jenifer aliuliza.

"Hapana," alisema Mwalimu Deogratias. "Sijawahi kuwa na jiwe."

"Basi tunamtafuta mwizi nadhifu."

Deogratias alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, na alifundisha somo la utafiti katika hiki chuo kidogo cha maendeleo ya jamii, kando ya barabara ya Lamadi. Tangu asubuhi alikuwa amevua miwani na kuivaa mara nyingi kiasi kwamba mkono mmoja wa miwani ulianza kulegea.

"Ndani ya kompyuta kuna nini?"

"Watu, afande."

Jenifer alisubiri.

"Sauti za watu," Deogratias alifafanua. "Wasukuma wenzetu waliohama na ng'ombe kwenda kusini, Rufiji huko. Mtafiti mmoja aliwahoji miaka iliyopita. Kazi yake ilipokwisha akatuachia mahojiano tuyafundishie. Somo langu ni utafiti wa maelezo, ule wa kusikiliza watu badala ya kuwahesabu. Wanafunzi wangu hawana nauli ya Rufiji. Kwa hiyo wanajifunzia mahojiano ambayo tayari yapo."

"Kiporo."

Mwalimu alifikiri kidogo. "Kiporo, ndiyo. Lakini kimepikwa vizuri."

"Na waliohojiwa wanajua kwamba mnakila?"

"Walikubali, kwa sharti majina yao yafichwe. Kwenye maandishi kila mtu ni namba. Shida ni sauti. Namba unaweza kuibandika kwenye karatasi, lakini huwezi kuibandika kwenye koo la mtu. Anayemfahamu akimsikia, basi."

"Nani amezisikia?"

"Mimi peke yangu, kwa spika za masikioni. Wanafunzi wanasoma maandishi tu. Jumatano ijayo ndiyo ningewasikilizisha sauti kwa mara ya kwanza. Nilitangaza darasani."

Jenifer aliandika neno Jumatano na kulipigia mstari. Mwizi wa mali haangalii kalenda ya masomo.

"Hakuna nakala nyingine?"

Deogratias alivuta kamba iliyokuwa shingoni mwake. Mwishoni mwa kamba, pamoja na rozari, ilining'inia flashi ndogo nyekundu.

"Kwa hiyo mwizi hakufanikiwa," alisema Jenifer.

"Hakufanikiwa. Lakini yeye hajui, afande, na kompyuta ni ya chuo."

Jenifer alitoka kwenda getini. Mlinzi, Mzee Mayige, alisimama wima alipomwona na kusema, kabla hajaulizwa, kwamba hakulala.

"Sijakuuliza kama ulilala."

"Nimejibu mapema."

"Jana mchana nani aliingia?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Wanafunzi. Walimu. Fundi wa choo. Mama wa mayai. Mbuzi wa jirani, nikamfukuza. Mtu hakuna."

"Na waliotoka na mizigo?"

"Fundi alitoka na bomba. Mama wa mayai na beseni lake. Mbuzi na karatasi mdomoni, sijui ya nani." Mayige alisogea karibu. "Lakini kama unataka mwizi, ninaye. Kijana Marcelo. Nilimwona dirishani kwa mwalimu, kaweka mikono hivi." Alizungushia macho yake viganja viwili, kama mtu anayechungulia ndani ya kisima.

Jenifer hakumkamata Marcelo hapo hapo. Kwanza alitaka kujua kilichoibwa, na kilichoibwa kilikuwa sauti. Alimwomba Deogratias wakae katika darasa tupu, wakaazima kompyuta ya katibu muhtasi, wakachomeka flashi.

"Mahojiano yapi wanafunzi wanayajua zaidi?"

"Namba Tisa," mwalimu alijibu bila kufikiri. "Mjane. Alifiwa na mume njiani. Kila mwaka darasa zima linalia."

Sauti ilianza na kelele za upepo na kengele za ng'ombe. Kisha akaja mwanamke, sauti ya chini, Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake. Jenifer alikuwa na yale maandishi mkononi, akawa anafuata kwa kidole.

"Tulifika mtoni jua limekuwa kali," alisema yule mwanamke. "Alikuwa hawezi tena kusimama. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikatembea naye nyuma ya ng'ombe. Mwili wake ulikuwa wa moto, nausikia mpaka kwenye mbavu zangu. Nikawa namwimbia. Halafu nikasikia kichwa kimelala upande."

Deogratias alivua miwani. "Hapa ndipo wanapolia. Mwaka jana binti mmoja aliandika kurasa kumi juu ya nguvu za mwanamke mhamaji."

"Mume alikuwa na uzito gani?"

"Haikuulizwa."

Sauti iliendelea. Mwanamke alieleza kaburi lilivyochimbwa kwa jembe bovu, miba waliyoikata na kuirundika juu yake ili fisi wasifukue. Alivuta pumzi, akaanza kulia. Katikati ya kilio, kwa mbali, sauti nene ya mwanamume ikauliza kwa Kisukuma, ikimwita mayo, yaani mama:

"Mayo, chumvi umeweka wapi?"

"Kwenye kopo la maziwa," mwanamke akajibu, sauti kavu kabisa. Kisha akaendelea kulia pale alipoachia.

Jenifer alisimamisha. Akarudisha nyuma. Wakasikiliza tena chumvi na kopo. Akatazama maandishi. Mahali pale paliandikwa neno moja tu kwenye mabano: kelele.

"Hii umeisikia mara ngapi?"

"Mara nyingi," alisema Deogratias. "Nilidhani ni shemeji yake."

"Kwetu mke akimwitikia shemeji hasemi kama anafukuza kuku. Mwalimu, yule ni mume. Marehemu wako anatafuta chumvi."

Deogratias alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyopanga miaka yote haina msingi.

Marcelo aliletwa ofisini kwa mwalimu. Alikuwa kijana mrefu kutoka Mkula, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, na alikalia ncha ya kiti. Deogratias aliruhusiwa kukaa kona moja kwa sharti asiingilie.

"Jana mchana ulikuwa dirishani kwa mwalimu?" Jenifer alianza.

"Ndiyo, afande."

"Ulikuwa unachungulia."

"Ndiyo."

"Uliiona kompyuta."

"Ndiyo, afande."

"Ukaichukua."

"Ndiyo."

Jenifer aliinua macho kutoka kwenye daftari. Dirisha lile lilikuwa na nondo ambazo hata paka angelazimika kujipanga upya ili apite.

"Ukaipitisha kwenye nondo."

"Ndiyo, afande."

"Na gari la mkuu wa chuo, ulilichukua wewe?"

"Ndiyo, afande. Naomba nisamehewe."

Gari la mkuu wa chuo lilikuwa limeegeshwa nje, na kutoka alipokaa Marcelo aliweza kuliona vizuri, mkia na namba zake. Kwenye kona, Deogratias alikohoa.

"Sema tu, mwalimu."

"Hayo yanaitwa maswali elekezi. Unambebea mhojiwa jibu mkononi, yeye anapokea kwa adabu."

"Kwetu mkubwa akiuliza hakataliwi," Marcelo alieleza kwa sauti ndogo.

Jenifer alifunga kalamu. "Wewe ungemuuliza nini?"

"Ningemwambia anieleze siku yake ya jana. Halafu ningenyamaza."

"Basi?"

"Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, afande. Wanafunzi wengi hufeli hapo."

Katika miaka yake ya upelelezi Jenifer alikuwa amefundishwa mambo mengi, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kunyamaza. Alimgeukia kijana. "Marcelo, nieleze siku yako ya jana." Akaiweka mikono mezani na kufunga mdomo.

Marcelo alitazama dari, kisha viatu vyake, kisha mlango. Jenifer alijing'ata ulimi kwa ndani. Hatimaye kijana akaanza kuongea, na alipoanza ilikuwa vigumu kumzuia. Alieleza uji wa asubuhi. Alieleza somo la takwimu na kwa nini hakulielewa. Alieleza kwamba mchana, wenzake walipoenda kula, alikwenda dirishani kusoma alama yake ya jaribio kwenye karatasi zilizokuwa mezani, kwa sababu alishindwa kusubiri. Alikuwa amepata hamsini na mbili.

"Niliumia, afande, kwa sababu Namba Tisa naijua kuliko wote. Hata nyumbani ninakopanga niliwasimulia wakati wa chakula cha jioni, mwanzo mpaka mwisho."

Deogratias alisahau sharti lake. "Marcelo, maandishi yale hayatoki darasani."

"Sikuyatoa, mwalimu. Niliyakariri."

Jenifer alimnyooshea mwalimu kiganja anyamaze, kama yeye mwenyewe alivyofundisha.

"Baba mwenye nyumba, Mzee Januarius, alilia mpaka akaacha ugali," Marcelo aliendelea. "Yeye ni mtu wa kanisa sana. Kesho yake akalipeleka jambo kwenye jumuiya yao, kwamba mjane yule atafutwe, asaidiwe. Wamechanga mahindi, kuku, na jozi ya viatu. Jumatano Mzee alipanga kuja chuoni aisikilize ile sauti, labda kwa lafudhi atajua ni mtu wa upande gani."

"Na mama mwenye nyumba, alilia pia?"

"Mama Ng'washi? Hapana. Yeye aliangusha mwiko. Halafu akauliza hizo sauti zinakaa kwenye kitu gani."

"Ukamwambia."

"Nilimwambia kompyuta nyeusi ya mwalimu yenye kibandiko cha twiga. Anaifahamu, afande. Yeye ndiye anayemletea mwalimu mayai."

Jenifer aligeuka polepole. Deogratias alikuwa amesimama.

"Mama wa mayai?" alisema.

"Huwa unaongea naye?"

"Kila wiki."

"Mnaongea nini?"

Mwalimu wa kusikiliza watu alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema: "Mayai."

Nyumba ya Mzee Januarius ilikuwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, mahali ambapo nyuzi nyeupe hunasa kwenye miba ya uzio na hakuna anayehangaika kuziondoa. Walifika kwa bajaji, wote watatu, Marcelo akiwa amekunja magoti mpaka kidevuni. Uani kulikuwa na magunia ya mahindi yamesimamishwa ukutani, kuku wamefungwa miguu kivulini, na viatu vyeusi vya kike vimewekwa juu ya kizingiti cha dirisha kama vile mwenyewe ameingia ndani mara moja.

"Mwadila, baba," Jenifer alisalimu.

"Mwadila, mayo. Karibuni." Januarius alikuwa mwanamume mkubwa, na kiti cha plastiki alichokalia kilikuwa kimepachikwa juu ya kingine ili visaidiane. Alimwona Marcelo, akamwona polisi, akanyanyuka kwa furaha. "Mmempata mjane?"

"Tuko karibu sana," Jenifer alisema.

"Mungu mkubwa. Ng'washi, wageni. Mjane anakaribia kupatikana."

Mkewe alitoka jikoni na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, khanga kiunoni. Alipomwona Mwalimu Deogratias, aliipitisha sahani upande wa pili. Aliiweka mezani na kumkaribisha kila mtu isipokuwa mwalimu.

Januarius alionja. Akakunja uso.

"Mayo," alisema kwa Kisukuma, "chumvi umeweka wapi?"

Kijiko cha Deogratias kilisimama njiani kati ya sahani na mdomo.

"Kwenye kopo la maziwa," Ng'washi alijibu bila kugeuka.

Jenifer alikula kipande kimoja cha mchembe na kukimeza vizuri. Angeweza kuuliza moja kwa moja. Badala yake alifuta vidole na kusema kwa upole, "Mama, naomba unieleze safari yenu ya kusini." Kisha akanyamaza.

Ng'washi alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. Januarius alitaka kujibu badala yake, Jenifer akamtazama, naye akaamua kutafuna. Kuku mmoja wa michango alilalamika kidogo.

"Yule kuku wa jikoni msimguse," Ng'washi alisema ghafla. "Anaatamia. Anauma."

Hakuna aliyekuwa amemtaja kuku wa jikoni.

Jenifer alisimama, akaenda kwenye kibanda cha jiko. Kwenye kona palikuwa na boksi la katoni, na ndani yake tetea mwekundu aliyekaa juu kuliko tetea yeyote anavyopaswa kukaa, kichwa kikikaribia kugusa rafu ya sufuria. Jenifer aliingiza mkono. Tetea alimdonoa mara mbili, mara ya pili kwa chuki. Chini ya mayai kulikuwa na majani makavu, chini ya majani kulikuwa na gunia safi lililokunjwa, na chini ya gunia twiga wa kwenye kibandiko alikuwa anamtazama.

Alirudi uani ameikumbatia kompyuta. Ilikuwa na joto zuri.

"Haijazimika kabisa," Deogratias alisema, akiifungua kwa wasiwasi. Hapo ndipo alipomtazama Ng'washi usoni, pengine kwa mara ya kwanza. "Mama, ni wewe? Namba Tisa ni wewe?"

"Mimi ni Ng'washi," alisema.

Januarius aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole lakini hakosi njia. Alitazama magunia ya mahindi. Alitazama viatu dirishani, saizi ndogo kama ya mkewe.

"Ngojeni," alisema. "Kama mjane ni huyu, marehemu ni nani?"

Hakuna aliyetaka kumjibu mtu mkubwa kiasi kile.

"Ni wewe, mzee," Marcelo alisema mwishowe, kwa adabu.

"Nilikufa kwa nini?"

"Homa," alisema Deogratias. "Kando ya mto. Baada ya kubebwa."

"Kubebwa na nani?"

Macho yote yalikwenda kwa Ng'washi, aliyemfikia mumewe kifuani.

"Kwa kitenge," Marcelo aliongeza.

Januarius alikaa chini na viti vyake viwili vikalia kwa pamoja. "Kule kulikuwa na simba," alisema kwa uchungu. "Kulikuwa na mamba. Mtu wa Bukundi, mwenye ng'ombe wake, nikafe homa mgongoni mwa mke kama mzigo wa kuni?"

"Nisikilize kwanza," alisema Ng'washi. Alivuta kigoda akakaa, na sauti yake ikashuka, ikawa ile waliyoisikia darasani. "Wewe ulikuwa unatengeneza boma. Gari likaja na yule mtafiti. Kabla yake alipita mwenyekiti wa kitongoji, akasema hawa wageni wanaandika wajane, huenda kuna msaada, kila mama ajue la kusema. Siku ile, mume wangu, kitongoji kizima tulifiwa. Jirani yangu alifiwa wakati mumewe anakamua ng'ombe hatua chache kutoka pale."

Deogratias alishika kichwa. "Namba Nne," alinong'ona. "Na Namba Sita. Namba Kumi na Mbili."

"Wote wazima," alisema Ng'washi. "Msaada wenyewe haukuja. Wewe ulirudi kuomba chumvi, nikadhani tumeumbuka, lakini yule mtafiti hakujua Kisukuma. Nikasahau, tukarudi zetu huku. Mpaka huyu mtoto anakuja kunisomea maneno yangu mwenyewe mezani kwangu, na wewe unalia, halafu unapeleka kwenye jumuiya. Ningefanyaje? Kila siku kuku mpya analetwa."

Januarius alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kizito kilichoanzia tumboni, Marcelo naye akaona ameruhusiwa, na hata Deogratias akatabasamu kwa huzuni ya mtu aliyepoteza wajane wengi kwa mara moja. Jenifer hakucheka. Alikuwa bado na jambo moja ambalo halikukaa mahali pake.

"Mama," alisema, "mtu anayetunga hutunga kwa haraka. Wewe ulieleza jembe lilivyokuwa bovu. Ulieleza miba. Ulisema ulisikia kichwa kimelala upande. Hayo hukuyatunga. Na mume huyu hakuna kitenge kingemfunga." Alisita, kwa sababu swali lililofuata halikuwa la kipolisi. "Ulimbeba nani?"

Kicheko cha Januarius kilikatika.

Ng'washi alitazama mikono yake. "Mayala," alisema. "Mtoto wetu. Yule mtafiti aliniuliza tulipoteza nini njiani. Nilitaka kusema mtoto. Nilishindwa kulitamka jina lake mbele ya mgeni mwenye mashine. Nikamweka baba yake mahali pake, ndipo nikaweza kusema yote."

Januarius aliweka sahani chini.

"Ndiyo maana nililia," alimwambia Marcelo, ingawa macho yake yalikuwa kwa mkewe. "Ulipofika kwenye ile miba. Nilijua ile miba. Mimi ndiye niliyeikata." Akafuta uso kwa kiganja. "Hatujawahi kulizungumza, Ng'washi."

"Wewe ulikuwa unatoka nje kila nikianza."

"Nilikuwa natoka nje," alikubali.

Jenifer aliona ni wakati wa kurudi kwenye kazi, kwa kuwa kazi angalau aliiweza. Alifungua jalada. Mali ilikuwa imepatikana, ikiwa nzima na ya moto. Aliyeichukua alikuwa mbele yake. Alimuuliza mlalamikaji, kwa niaba ya chuo, kama anataka kuendelea na shauri.

"Kompyuta imeonekana," Deogratias alisema. "Mkuu wa chuo aliniambia kufikia jioni hii ama niirudishe ama nilipe. Nairudisha. Sina shauri, na nitasaini hivyo." Kisha akageuza kiti chake kumwelekea Ng'washi. "Mama, ulikubali maneno yako yatumike kufundishia ukiwa hujui nani atasoma. Sasa unajua. Niiondoe Namba Tisa?"

Ng'washi alifikiri. "Maneno ni mazuri, wanafunzi wanalia?"

"Sana."

"Basi yaache. Mbadilishe tu aliyekufa."

"Siruhusiwi kubadilisha alichosema mtu."

"Hata mwenyewe akitaka?"

"Mwenyewe anaweza kuja kusema upya. Darasani, mbele yao, kwa jina lake au bila jina. Wanafunzi wangejifunza kuliko mwaka mzima."

"Nitakuja Jumatano," alisema Ng'washi. "Na mayai."

"Mimi pia nitakuja," alisema Januarius. "Nikae hapo hapo karibu. Sitaki kuuawa tena."

Jenifer alikuwa anasainisha karatasi pale geti la miti liliposukumwa. Mama Nancy, mwenyekiti wa jumuiya, aliingia na wanawake wanne nyuma yake, mmoja akiwa na debe la mchele kichwani. Walikuwa wamesikia kwamba polisi wamekwenda kwa Januarius kwa habari ya mjane, na hakuna aliyekubali kubaki nyumbani.

"Amepatikana?" aliuliza Mama Nancy. "Yuko wapi masikini?"

Ng'washi aliinamisha kichwa. Midomo ya Marcelo ilianza kusogea na Deogratias akamkanyaga mguu. Januarius alisimama, akajifuta makombo ya michembe, akaenda kusimama kando ya kigoda cha mkewe.

"Mjane hakuna," alisema. "Tulikosea, tutawaeleza, mtatucheka, ni haki yenu. Lakini tulifiwa na mtoto kule kusini, anaitwa Mayala, na hatukuwahi kumwekea msiba hapa nyumbani. Kama mtakubali mahindi haya yapikwe kwa ajili yake, pikeni. Kama hamtakubali, kila mtu achukue gunia lake."

Wanawake walitazamana. Mwenye debe la mchele alilitua chini, akaenda jikoni bila kusema neno, na muda si mrefu walisikia akigombana na tetea. Mwingine alianza kuwafungua kuku miguu, akichagua wa kuchinja. Mikeka ilitolewa. Jenifer alilifunga jalada na kutafuta njia ya kuaga, lakini mtu alikuwa amemkabidhi kitunguu na kisu, na inspekta hawezi kukikataa kitunguu cha msiba.

Mama Nancy alikaa mkekani, bega kwa bega na Ng'washi. Hakuwahi kukanyaga darasa la utafiti.

"Alikuwa mtoto wa namna gani?" aliuliza.

Ng'washi alikaa kimya, na wote wakamwacha akae kimya.

"Mkaidi," Januarius alijibu.

"Hakuwa mkaidi," alisema Ng'washi, akiinua kichwa. "Ulikuwa unamwita ukiwa mbali, na kwa jina la kaka yako."

"Nilimwita kwa jina lake."

"Ulimwita Mboje. Kila siku. Mtoto aitike vipi?"

"Nilimwita Mboje mara moja tu, siku ya yule ndama wa madoa."

"Yule ndama hakuwa na madoa."

Wanawake wakasogeza mikeka karibu ili wasikie vizuri.